Picha ya Mume wa Mama Bustani

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu huku nimevaa kanzu. Kufikia Isha kijiji chetu kizima cha Kiuyu kitakuwa kimeshasikia, kwa hiyo bora mlipate kwangu likiwa bichi, kabla halijaota mkia.

Niwataje kwanza waliokuwepo, asije mtu kesho akadai na yeye aliona. Upande wa mwanamume walikuja watatu. Shehe Mbarouk, anayesomesha chuo cha Kurani, ami yake kijana anayetaka kumuoa mdogo wangu. Huyu akisema hapana, ni hapana. Mzee Shaame, msemaji wao, mtu wa adabu mpaka adabu yenyewe inachoka. Na Bwana Omari, shemeji yao, aliyekaa Mombasa miaka kumi na mbili na tangu arudi hakuna kitu duniani ambacho yeye hajakiona. Upande wetu tulikuwa wawili: Ami Bakari, mdogo wake marehemu baba, na mimi Kombo. Nyuma ya pazia walikuwepo wadogo zangu, Riziki anayeposwa na Mize anayechungulia, pamoja na Bi Time, jirani yetu, mshonaji wa kofia, aliyekuja kutusaidia kupika na kutuazima vikombe vyake sita vya maua ya buluu.

Ukutani alikuwepo mmoja zaidi. Huyo ndiye aliyeniponza.

Wasionijua vizuri niwaambie kidogo. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Skuli nikaishia hapo, nikaanza kupasua mawe ya kujengea. Miaka miwili baadaye mama naye akamfuata. Riziki alikuwa na miaka mitano, Mize hata hajajua kutamka jina lake. Nimewalea mimi. Sisemi ili mnipe pole, nasema ili mjue kwa nini leo nilivaa kanzu iliyopigwa pasi mara tatu. Wiki iliyopita wazee hawa walileta barua ya posa. Leo baada ya sala ya Alasiri walikuja kuchukua jibu. Na anayetoa jibu, kwa kuwa baba hayupo, ni mimi. Niliambiwa na mtu wangu wa karibu kwamba Shehe Mbarouk ana wasiwasi. Anasema nyumba iliyolelewa na kijana, isiyo na baba wala mama, hujui ndani yake kumekaaje. Kwa hiyo leo nilikuwa sipokei wageni. Nilikuwa nafanya mtihani. (Wa kwanza tangu darasa la sita.)

Sasa picha. Baba ujanani alifanya kazi Tanga, akimtunzia bustani mama mmoja wa Kizungu, ambaye sisi nyumbani tulimwita Mama Bustani. Baba alipokuwa anarudi Pemba, yule mama alimpa picha kubwa yenye fremu ya mbao na kioo. Mwanamume mweupe, ndevu rangi ya asali, nywele mpaka mabegani, macho ya buluu, nguo ndefu nyeupe, mkononi kabeba mwanakondoo. Mama yetu alituambia ni mume wa Mama Bustani. Tukaamini. Kwani tungemuuliza nani? Ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki. Kanzu zake zilichakaa, jembe liliibiwa, redio ilikufa. Mzungu akabaki.

Tena alikuwa mtu wa familia. Wadogo zangu wakigombania muhogo nilikuwa nawaambia, "Mume wa Mama Bustani anawaona." Kila sikukuu namfuta vumbi yeye kwanza, ndipo nafagia. Ami Bakari akiingia anamwinulia mkono kama jirani. Na nyuma ya fremu ndiyo benki yetu: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na vitu vingine vyangu mimi ambavyo havimhusu mtu. (Mtavijua. Msiwe na haraka, mimi mwenyewe sikuwa nayo, vikanikuta.) Jana usiku, kwa kuogopa mbuzi wa Ami Bakari anayekula karatasi, barua ya jibu niliyoandikiwa na Mize niliichomeka hapo hapo.

Wageni wakaingia. Salamu zikaenda vizuri. Hali, watoto, kazi, mvua, hali tena. Chai ikaja, na mkate wa ufuta, na halua ya Wete. Shehe akaonja chai akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajisemea, Kombo, umefaulu.

Ndipo Bwana Omari akainua macho.

"Kombo, yule pale ukutani ni nani?"

"Mume wa Mama Bustani," nikajibu. Kwa fahari kabisa.

"Wa wapi?"

"Wa Tanga."

Bwana Omari akaweka kikombe chini. Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo. Akageuka.

"Yakhe, huyu ni Yesu huyu."

Nilisikia nzi akitua kwenye halua.

"Yesu gani?" akauliza Ami Bakari.

"Kwani wapo wangapi? Yesu wa Wakristo. Nabii Isa kwetu. Mombasa nimemwona kila mahali, kwenye kalenda, kwenye malori. Na kondoo wake huyo huyo."

"Wee Omari, acha mambo yako," Ami Bakari akapandisha sauti. "Mie kaka yangu alinambia kwa mdomo wake. Huyu ni bwana mwenye bustani. Alikuwa mkali kwenye mshahara!"

"Bwana mwenye bustani anavaa shuka?"

"Kule Tanga kuna joto!"

Mimi nilikuwa namtazama Shehe Mbarouk. Shehe alikuwa anaitazama picha. Jamani, sisi hapa picha ya nabii haitundikwi ukutani. Ya nabii yeyote yule. Na mimi ninayo sebuleni, juu ya kichwa cha mwalimu wa chuo, siku ya jibu la posa! Jasho likaanza safari kutoka kisogoni. Nyuma ya pazia nikasikia Riziki anavuta pumzi.

"Kombo," Shehe akasema taratibu. "Ulikuwa hujui?"

"Wallahi, Shehe. Tangu nimezaliwa namjua kuwa ni mume wa Mama Bustani."

"Mimi nilijua," sauti ikatoka nyuma ya pazia. Mize! "Tangu darasa la tano. Mwalimu alituonesha kwenye kitabu."

"Na hukusema?"

"Ungemtoa, kaka. Na ni cha baba."

Hata Shehe aliinamisha macho kidogo. Pengine mambo yangeishia hapo, ningeishusha picha kwa heshima na tungeendelea na jibu letu. Lakini Bwana Omari hajaumbwa kuacha jambo likiwa limelala.

"Ila na mie nina swali," akasema. "Huyu mbona mweupe hivi? Mombasa niliingia kupaka rangi kanisa moja, mle ndani wamemchora mweusi kama mie, nywele kipilipili. Nikauliza, wakanambia ndiye huyo huyo. Sasa yupi wa kweli?"

"Alikuwa mtu wa Sham, upande wa Palestina," Shehe akasema. "Mama yake Bi Maryamu, katika Bani Israili. Mzungu hakuwa."

"Basi Mwarabu," akasema Ami Bakari.

"Sikusema Mwarabu, nimesema Bani Israili."

"Lakini rangi? Kama Mmanga au kama sisi?"

"Kama mtu wa kwao," Shehe akajibu, na nikaona amechoka kidogo.

Mzee Shaame, aliyekuwa kimya muda wote akihofia kukosa adabu, akakohoa. "Mie naona kila watu humchora afanane na wao. Wazungu wamempa macho ya buluu. Weusi wamempa kipilipili. Ingekuwa Wapemba wanachora manabii, angekuwa ukutani na kanzu na kofia ya viua."

"Amechukua pweza badala ya kondoo," akaongeza Ami Bakari.

Watu wakacheka. Hata Shehe tabasamu lilimponyoka. Nikapumua. Nikamimina chai. Nikadhani tumevuka.

"Ila si ndiyo mmemuozesha!" Bwana Omari akapiga goti lake. "Mume wa Mama Bustani! Na yule hakuoa hata siku moja!"

Hapo nikataka ardhi ipasuke. Kwa miaka yote hii nyumba yetu ilikuwa imemuozesha mtu ambaye hakuoa. Tena kwa mama wa Tanga.

"Hakuoa kabisa?" akauliza Ami Bakari.

"Hakuoa. Miaka thelathini na tatu."

Mzee Shaame akatikisa kichwa. "Thelathini na tatu? Angekuwa hapa Kiuyu wangeshasema ana jini mahaba."

Halafu wote, bila kukusudia, wakanitazama mimi.

Mimi nina miaka thelathini na tatu. Sijaoa. Na hilo la jini mahaba ndilo linalosemwa juu yangu kila penye watu watatu. Eti kuna jini wa kike amenipenda, ananifukuzia wanawake. Wapo wanaosema mengine, mabaya zaidi, na hao husema nikiwa nimeshapita. Mimi hujifanya sisikii. Nyundo ina kelele.

Bwana Omari naye akaendelea, maskini, hakujua anapokanyaga. "Huko kwenye simu ndiko kabisa. Nimeona watu wazima wanabishana kama alikuwa anawataka wanawake au wanaume wenziwe. Kurasa na kurasa! Wanatukanana."

"Astaghfirullah," akasema Ami Bakari, akasogea karibu asikie vizuri.

"Na wao wamejuaje?" Shehe akauliza.

"Si kwa kuwa hakuoa. Wanasema mwanamume mzima, mzuri, watu wanamfuata kila aendako, asioe? Lazima lipo jambo."

Sijui kilinipata nini. Naapa nilikuwa nimepanga kukaa kimya siku nzima kama mwozeshaji wa heshima. Nikasikia sauti inatoka, nikagundua ni yangu.

"Kwa nini lazima liwepo jambo?"

Wote wakageuka.

"Mtu hakuoa, basi kila mwenye mdomo anaijaza nafasi ile na uchafu wake! Kuna aliyemuuliza mwenyewe? Labda alikuwa na kazi. Labda alikuwa na watu wanamtegemea, hawezi kuwaacha. Mtu ana mambo yake!" Sasa nilikuwa nimesimama. "Anaamka alfajiri, anarudi jioni mikono imechubuka, ana wadogo zake wawili wa kike, skuli wanataka sare, mmoja ana pumu, paa linavuja upande wa jikoni, mtu huyo atachumbia saa ngapi?"

Safari hii nzi mwenyewe aliondoka.

Bwana Omari akauliza kwa upole, "Nabii Isa alikuwa na paa linavuja?"

Nikakaa. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Shehe Mbarouk akanitazama muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Amani iwe juu yake," akasema mwishowe. "Kombo amesema kweli katika moja. Asiyekuwepo kujitetea hasemwi. Na wanavyuoni wetu wamesema atarudi, na akirudi ataoa."

"Kumbe bado ana nafasi!" akasema Ami Bakari kwa furaha. "Kombo, na wewe usikate tamaa."

"Lakini picha," Shehe akaendelea, "ishushe, mwanangu. Kisha utupe jibu letu, jua linakwenda."

Nikasimama kuishusha. Na nilifurahi, kwa sababu nikiwa nimewapa mgongo hawanioni uso. Nikashika fremu kwa mikono miwili, nikainyanyua kwenye msumari. Benki ikafunguka. Vyeti vikaanguka, kadi za kliniki zikaanguka, na katikati yake bahasha ya kaki. Mzee Shaame, kwa adabu zake, akainama kunisaidia kuokota.

"Ndiyo hii barua ya jibu?"

"Ndiyo hiyo," nikasema, bila hata kugeuka. Nilikuwa naiegemeza picha ukutani, uso wake umeelekea ukuta.

Ninyi mnaosoma mmeshajua. Mimi nilikuwa sijajua.

Desturi yetu, barua ya jibu husomwa na mtu wa upande wa mwanamume, kwa sauti, na anayetoa binti hukaa kimya kainamisha kichwa mpaka imalizike. Mzee Shaame akampa Bwana Omari kwa kuwa ana miwani. Bwana Omari akaifungua, akasafisha koo.

"Mwandiko huu umeandikwa na kuku?" akasema. "Haya. 'Kwa wazee wangu watukufu, Assalamu alaykum. Baada ya salamu, mimi Kombo, mtoto wa marehemu Faki, naleta ombi langu kwenu nikiwa na akili zangu timamu.'"

Mize ana mwandiko kama wa kompyuta. Nikatazama sakafuni: bahasha ya pili ya kaki ilikuwa pale, nusu imeingia chini ya mkeka, inanicheka.

"Ombi?" akauliza Shehe.

"Mwanzo wa kutaja mahari huo," Mzee Shaame akamfafanulia.

"Samahani, wazee," nikasema, "hiyo bahasha nadhani..."

Mzee Shaame akainua kidole. "Kombo. Barua ikishafunguliwa haikatizwi. Baba yako hakukufundisha?"

(Baba alifariki kabla hatujafika sura hiyo.)

"'Najua watu wanasema mengi,'" Bwana Omari akaendelea, sauti imempanda kama mtangazaji. "'Wanasema nina jini mahaba. Sina jini. Ningekuwa naye, angalau angenisaidia kuchota maji.'"

Ami Bakari akaanza kutikisika mabega. Mimi nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu, nikitaraji atanyamaza. Ami Bakari akanipiga mgongoni, akidhani nimepaliwa na halua.

"'Nina wadogo zangu wawili, na nilimwahidi mama kwamba sitaingiza mke nyumbani kabla wao hawajasimama. Lakini moyo wangu haukuwepo nilipotoa ahadi ile. Kila asubuhi binti yenu anapopita na mfuko wake wa nyuzi, mimi huacha nyundo. Juzi sikuiacha kwa wakati, nikajigonga kidole. Ukucha ukatoka. Sikujali.'"

Bwana Omari akashusha miwani. "Wazee, mahari gani haya?"

Shehe Mbarouk alikuwa ameinua mkono wake, macho kayafumba. "Soma."

"'Kwa hiyo namuomba binti yenu, Bi Ti...'"

Hapo nikaruka. Sikumbuki kuamua kuruka. Nakumbuka nilikuwa nimekaa, kisha nilikuwa hewani, kanzu ikanasa chini ya mguu wa Ami Bakari, nikatua na goti katikati ya sinia. Kikombe kikalia kwaa! Birika likapinduka. Chai ikamwagika yote kwenye kanzu nyeupe ya Shehe Mbarouk, kuanzia kifuani mpaka mapajani. Mimi nimepiga magoti mbele yake, halua mkononi, kama ninayemposa yeye.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa ya Riziki. Haikuwa ya Mize.

"Bwana Omari," ikasema, "malizia."

"Imebaki mistari miwili tu, bibi."

"Isome."

Bwana Omari akasoma, na safari hii hakusoma kama mtangazaji. "'Namuomba binti yenu, Bi Time, anisubiri mpaka wadogo zangu waolewe. Na akichoka kunisubiri sitamlaumu.'"

Barua hiyo niliiandika miaka minne iliyopita, Bi Time aliporudi kwao baada ya kuachwa. Siku tatu niliiandika, nikafuta, nikaandika. Siku ya nne nikaona aibu. Nani atamkubali mpasua mawe aliyeishia darasa la sita, mwenye ahadi badala ya mahari? Nikaichomeka nyuma ya Mzungu, nikajisemea, akiolewa Riziki nitaitoa. Imejitoa yenyewe.

Nikaanza kumfuta Shehe kwa ncha ya kanzu yangu. Naomba radhi, nafuta, naomba radhi. Huku nafikiria Riziki. Nimemharibia. Nimeweka nabii ukutani, nimempigia kelele mgeni, nimemwagia chai ami yake mume, na nimemposa jirani katika posa yake. Mtihani wenyewe nimepata sifuri, na kalamu imevunjika.

Shehe akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Imeshaingia."

Akatazama kanzu yake. Akatazama barua. Kisha akaanza kucheka. Kile kicheko cha mtu mzito, kinachoanzia tumboni na kuchukua muda kufika. Kilipofika, Ami Bakari alikuwa tayari amelala ubavu.

"Nilikuja na jambo moja moyoni," Shehe akasema akifuta macho. "Nilitaka kujua binti huyu amelelewa na mtu wa namna gani. Nilidhani itabidi niulize majirani." Akamgeukia Mzee Shaame. "Hebu sasa tafuta barua iliyo yetu."

Ya Mize ikatolewa chini ya mkeka, ikasomwa. Mistari sita. Posa imekubaliwa. Ndoa ni Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshallah. Nyuma ya pazia Mize akapiga kigelegele ambacho naamini kimefika Micheweni, na Riziki akalia, na mimi nikajifanya nina moshi machoni. (Jiko lilikuwa limeshazimwa.)

Picha nayo ilipata hukumu yake. Mlangoni Shehe akaigeuza, akaitazama mara ya mwisho. "Huyu si Nabii Isa. Sura ya Nabii Isa hatunayo sisi wala wao. Huyu ni Mzungu mmoja na kondoo wake. Lakini asitundikwe, watu hawatajua tofauti. Mtie sandukuni. Ni amana ya baba yenu."

"Nilisema mie!" akasema Ami Bakari. "Bwana mwenye bustani!"

Wakaondoka. Bwana Omari nilimsikia mpaka kwenye kona bado anauliza kama Wachina nao wana wa kwao.

Nikaenda uani. Bi Time alikuwa anaosha vikombe. Vitano. Hakuinua kichwa. Nikasimama pale kama nguzo ya mtu asiye na nyumba.

"Miaka minne, Kombo."

"Nilikuwa nangoja Riziki..."

"Riziki najua. Nani asiyejua? Ungenambia ningekusaidia kungoja. Lakini wewe umeniomba nikusubiri, halafu ombi lenyewe ukampa Mzungu akushikie." Akasuuza kikombe kimoja mara mbili. "Nimekataa wawili, nikijiambia huyu ipo siku atafungua mdomo. Kumbe alishafungua. Kwa ukuta."

Nilitaka kusema jambo la maana. Likatoka hili: "Kikombe nitakulipa."

"Hakilipwi. Ni vya mama yangu hivi."

"Basi nifanyeje?"

Akapanga vikombe kwenye kapu, kimoja kimoja, akavifunika na kanga. Akasimama. Hapo tu ndipo aliponitazama, na mimi nikatazama miguu yangu.

"Niletee kikombe chochote. Hata cha plastiki. Lakini usikilete wewe. Kiletwe na wazee wawili, mchana, kwa mlango wa mbele, na barua. Na mwandiko usomeke."

Akaondoka. Kwenye mlango wa ua akageuka. "Na huyo jini wako asije. Ukumbi wetu mdogo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nawaandikia sasa nimekaa kwenye sanduku alimolala mume wa Mama Bustani, ambaye leo tumemwacha kapera tena. Ukutani pamebaki alama nyeupe ya mraba, na Mize anasema nyumba imekuwa kama imeng'olewa jino. Ami Bakari amekubali kuwa mzee wa kwanza. Wa pili bado sina. Bwana Omari ametuma ujumbe kwamba anajitolea, tena atasoma barua bure. Nimemshukuru, nikamkataa.

Kikombe ninadaiwa, na bado sijakilipa. Anayetaka kucheka acheke huko huko aliko, asinipigie simu. Mimi nina mwandiko wa kufanyia mazoezi.